KAMARI ISIYOULIZA JINA

Ndugu Waislamu wa Handeni na Korogwe, kamari imeingia katika simu za vijana wetu kwa vazi jipya: kasino za mtandaoni zipokeazo bitikoini, baadhi yake bila kumwuliza mtu jina. Wenyewe huiita faragha. Twauliza: faragha ya nani? Mla rushwa hupitishia humo fedha zake, zikatoka zikiitwa ushindi. Huko ndiko kutakatisha fedha. Kijana wetu akishinda, ndipo hudaiwa kitambulisho.

Mali ya halali hutakaswa kwa zaka. Ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe. Suratul Maida, aya ya 90, imeharamisha kamari. Al-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Muamala unaokimbia shahidi umejihukumu wenyewe. Wazazi, tuamke!

Wabillahi tawfiq.