Kila muvi mama analia. Baba yuko wapi?

Wadau, tufanye mchezo mdogo. Fungua Bongo Movie yoyote yenye neno "mama" kwenye kava, halafu ruka mpaka dakika ya ishirini. Nina uhakika utamkuta mama kajifunga khanga iliyopauka, kakaa nje ya nyumba, analia. Kinanda kinapigwa taratibu. Mtoto kafukuzwa shule kwa sababu ya michango, mwenye nyumba kaja kudai kodi, na mama anajifuta machozi kwa ncha ya khanga huku anasema Mungu yupo mwanangu.

Halafu? Mtoto anakua, anapata hela, anarudi na gari kubwa, anamkumbatia mama, muvi imeisha. Sisi tunakata kipande hicho, tunakiposti Siku ya Mama na maneno "nani kama mama" na mioyo mitatu myekundu.

Sina ugomvi na machozi ya mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wengi wetu tumekuzwa na wanawake walioamka alfajiri kukaanga vitumbua ili sisi tuvae sare za shule. Ugomvi wangu ni lile swali ambalo hizi muvi haziulizi: muda wote huo mama analia, baba yuko wapi?

Kiukweli, kila tunapoyapamba mateso ya mama kuna mtu tunamtoa kwenye kesi kimyakimya. Mara nyingi ni baba. Mara nyingine ni ukoo mzima. Mama akishaitwa shujaa, hakuna tena anayeuliza kwa nini ameachwa apigane peke yake.

Na haya hayaishii kwenye skrini. Chukua staa yeyote wa kike wa hapa Bongo aliyejifungua karibuni. Sitaji jina, najua unaye kichwani tayari. Akirudi stejini mtoto akiwa na miezi minne, komenti zinamiminika: mtoto kamwachia nani, huyo naye mama, starehe zimemzidi. Sasa chukua staa wa kiume mwenye watoto watatu kwa mama watatu. Huyu naye simtaji, maana ni wengi. Anaposti picha moja kambeba mtoto siku ya bethidei, na watu wale wale wanaandika: baba bora, Mungu akutunze. Mmoja katoka nyumbani kwa saa nne tu. Mwingine hajaonekana tangu bethidei iliyopita. Lakini matusi yanajua pa kwenda.

Wapo waandishi na waongozaji walioliona hili kitambo, na baadhi yao tumewasoma shuleni tukapita tu.

Waliosoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wanamkumbuka Rosa. Leo mkumbukeni mama yake, Regina. Kule Ukerewe, Regina analima, anahangaikia watoto na kumvumilia mumewe Zakaria, ambaye pombe imemteka. Baba huyo huyo anayeshindwa kuitunza nyumba ndiye mkali wa kwanza kwenye malezi: barua tu ya kijana inatosha Rosa apigwe. Kwa fomula ya Bongo Movie, uvumilivu wa Regina ungelipwa mwishoni kwa nyumba ya vigae. Kezilahabi hakumlipa chochote. Rosa aliyebanwa anatoka kwenda duniani bila kuijua dunia, na mwisho wake mnaujua. Kuna wakati kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa ajili ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Kwangu mimi cha kutisha zaidi mle ndani ni kwamba mama anaweza kuvumilia kila kitu na nyumba bado ikaanguka.

Buchi Emecheta wa Nigeria alisukuma zaidi mwaka 1979 na riwaya yake The Joys of Motherhood. Kwa Kiswahili ungesema Furaha za Umama, na jina lenyewe ni kejeli tupu. Nnu Ego anaishi Lagos enzi za mkoloni, anauza sigara, viberiti na kuni, anashinda njaa ili wanawe wasome. Anaamini watoto ndio akiba yake ya uzeeni. Baba yuko wapi? Emecheta anajibu bila kumung'unya maneno: baba anafua nguo za Wazungu, kisha anakamatwa na kupelekwa vitani, na akirudi anaongeza mke. Watoto wanasoma kweli, wa kiume wawili wanakwenda ng'ambo, mmoja Marekani na mwingine Kanada. Nnu Ego anakufa usiku kando ya barabara, hakuna mtoto wa kumshika mkono. Baada ya hapo ndipo wanapokuja kumfanyia mazishi ya kishindo.

Soma hapo tena, kisha fikiria misiba ya mjini: sare za msiba, turubai jipya, fulana zenye picha ya marehemu, mpiga video anazunguka na kamera mbili. Halafu uliza marehemu alikuwa anatumiwa shilingi ngapi kwa mwezi, na mara ya mwisho kupigiwa simu ilikuwa lini.

Sasa msidhani nataka muvi za huzuni zaidi. Nataka mama anayefanya kitu. Waliopita sekondari za hapa wanamjua Sekai wa Takadini, riwaya ya Ben Hanson ya mwaka 1997. Miaka mingi anaitwa tasa, na anapojaliwa mtoto, mtoto ni albino. Mila ya kijiji inataka mtoto huyo asiishi, na mumewe Makwati hana ubavu wa kusimama mbele ya wazee. Sekai halii akasubiri. Anambeba mwanawe mgongoni, anakimbia. Na huko alikokimbilia, anayempokea ni mzee Chivero, mganga, asiye na undugu naye hata wa mbali. Hapo kuna somo kwa wanaume wanaosema "si damu yangu": aliyefanya kazi ya baba kwa Takadini hakuwa amemzaa.

Kwenye filamu, itafute Neria ya Zimbabwe, aliyoiongoza Godwin Mawuru. Mume anafariki ghafla, shemeji anaingia na kisingizio cha mila, anabeba mali, anachukua hadi watoto. Machozi yapo. Lakini rafiki yake Neria anamsukuma aende kwa mwanasheria, na Neria anakwenda mahakamani kudai haki yake. Hapo muvi inabadilika kabisa, maana mtazamaji mjane aliyekaa sebuleni kwake anaondoka na anwani kichwani. Amejua pa kuanzia kesho asubuhi.

Supa Modo ya Kenya, ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina, ina mama wa aina nyingine. Binti yake Jo, mwenye miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na ndoto yake ni kuwa shujaa mwenye nguvu kama wa kwenye muvi. Mama anampenda mno mpaka anataka kumfungia ndani, apumzike. Dada mtu anaona tofauti, anakiita kijiji kizima kimchezee Jo ile ndoto yake. Nilichokipenda ni kwamba mama yule anaruhusiwa kukosea. Ana hasira, anachoka, anabadilisha mawazo. Anakuwa mtu mzima kamili mbele yetu, na machozi ya mwisho yanauma zaidi kwa sababu hiyo.

Na kama mnataka kuona upande wa pili, kuna Yellow Card, nayo ya Zimbabwe, ya mwaka 2000. Kijana mcheza mpira anampa binti mimba, na baadaye mtoto anaachwa mlangoni kwake. Ghafla ni yeye anayeamka usiku. Mpe mwanaume nepi mkononi uone hadithi inavyokwenda kasi.

Najua wengine mtasema muvi zinaonyesha maisha yalivyo, na mama wanalia kweli. Sawa. Lakini mwongozaji ndiye anayechagua pa kuelekeza kamera. Huyo mama anayelia saa nne usiku, saa nne asubuhi alikuwa sokoni anabishana bei, anacheka na wenzake, anacheza kikoba, anampigia mdogo wake simu kumsema mwenye nyumba. Hayo nayo ni maisha. Mbona hatuyaoni? Nadhani sababu moja ni bei: machozi uani hayahitaji lokesheni wala mavazi. Sababu nyingine ni sisi watazamaji, tunaobofya zaidi tukiona kava ina mtu analia.

Na wale mtakaosema nawafundisha wanawake kiburi, nawaletea sheria. Hapa Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kutunza mtoto ni wajibu wa mzazi, baba kwa mama, na anayetelekezewa mtoto anaweza kwenda ustawi wa jamii, na ikibidi mahakamani, kudai matunzo. Sasa niambieni, ni Bongo Movie ngapi mmeona mama anaingia ofisi ya ustawi wa jamii akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto? Ngapi mmeona anakwenda kwa mganga? Mnaona tatizo lilipo. Binti wa miaka kumi na tisa, singo maza wa kwanza kwenye ukoo wao, anajifunza kwenye simu yake kwamba akiachwa, kazi yake ni kulia vizuri na kusubiri mtoto akue awe tajiri. Miaka ishirini ya kusubiri! Na kijana aliyemwachia mimba, kwenye muvi hiyo hiyo, anajifunza kwamba ukiondoka hakuna anayekutafuta.

Na wapo kina baba wanaolea, tena peke yao, wanaosuka nywele za mabinti zao kabla hawajawasha bodaboda kwenda kijiweni. Hao nao muvi zetu zimewasahau. Mngewaonyesha, wale wengine wangekosa pa kujificha.

Kwa hiyo waandishi na madairekta wetu, mkikaa na skripti mpya, kabla mama hajaanza kulia andikeni kwanza baba alipo. Kama kafa, semeni. Kama yuko baa, muonyesheni baa, anaagiza raundi nyingine kwa hela ya ada. Kama kakimbia, kamera imfuate hukohuko alikokimbilia, tuone anakula nini na anamdanganya nani. Mama apumzike kidogo.

Sasa ni zamu yenu. Nitajieni muvi moja au kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho mama anacheka kuliko anavyolia, na baba yupo nyumbani, hajalewa. Tukifika vitano, soda juu yangu.