Tairi Lipimwe kwa Tope la Mara
Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira laini, usiokakamaa halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Huko Ulaya huweza kushinda majaribio ya theluji kwa haki kabisa. Likiletwa Musoma kama mtumba, mpira huohuo hulika upesi juu ya lami yenye joto.

Hata majaribio ya njia yenye maji, huko hufanywa juu ya lami. Wakati wa masika, dereva anayetoka Bunda au Butiama kwenda vijijini hukutana na mfinyanzi mweusi, unaoziba nafasi za kashata hata tairi jipya likawa kama kipara.

Jaribio la haki hudai gari moja, mzigo uleule na kiasi kilekile cha upepo. Tena tairi la kulinganishia lipimwe mwanzo na mwisho, kwa kuwa njia hubadilika. Yafaa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lilinganishe matairi hivyo katika tope la Mara lenyewe. Mshindi wa theluji si lazima awe mshindi wa tope, na anayelipia tofauti hiyo ni abiria.