Samadi ya Handeni Isiachwe Zizini

Mchicha unapogeuka manjano, lawama ya kwanza huangukia mbegu, na ya pili mvua. Katika Handeni mvua ina lawama yake, kwani wilaya hiyo ni kavu kiasi kwamba mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, ulilazimika kuyafuata maji ya Mto Pangani huko Korogwe. Hata hivyo, mara nyingi kinachokosekana udongoni ni naitrojeni, na jani lenyewe hutoa ushahidi.

Naitrojeni hujenga protini na umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Inapopungua, mmea huyanyang'anya majani makuukuu ili kuyalisha machanga. Ndiyo sababu manjano huanzia chini. Mkulima wa mahindi husubiri gunzi. Kwa mchicha, mnavu na sukuma wiki, jani ndilo zao lenyewe.

Ni jambo la kusikitisha, basi, samadi kulundikana zizini, ikipigwa jua na kunyeshewa mpaka sehemu kubwa ya naitrojeni ipotee, huku bustani ya shule jirani ikidhoofika. Samadi hiyo yafaa ifunikwe, ioze, kisha ichanganywe na udongo kabla ya kupanda.

Mbolea ya viwandani nayo ina nafasi yake, ingawa kiwanda cha Tanga kilichoanza kuizalisha mwaka 1972 kilifungwa 1991. Fuko la urea la kilo 50 lina naitrojeni kilo 23. La SA lina kilo 10 na nusu tu. Mnunuzi anayelinganisha bei za mafuko bila hesabu hiyo hujipunja. Tena urea ikiachwa juu ya udongo penye joto hugeuka hewa ikatoweka. Hapana budi ifukiwe na kumwagiliwa. Ikizidishwa, majani hulegea na kuwavutia vidukari, na nyanya hustawi majani bila matunda.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikukusudia shamba la shule liwe mahali pa kuadhibia watoto. Mwalimu na atenge matuta mawili ya mchicha, yamwagiliwe sawasawa; moja lipewe samadi iliyooza, jingine lisipewe. Baada ya wiki nne wanafunzi wapime majani kwa rula, na bwana shamba aitwe ashuhudie, pamoja na mwenye zizi.