Nilikuwa Nikifanya au Nimezoea Kufanya?

Katika safu yetu ya lugha juma hili tuyatazame maneno mawili ya Kiingereza, "used to", ambayo huwatatiza wanafunzi na hata wazazi wao kwa kuwa yana kazi mbili zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kueleza ada ya zamani iliyokwisha. Sisi husema "nilikuwa nikiuza maandazi". Mwingereza husema "I used to sell maandazi". Kitenzi kinachofuata hakibadiliki, na msemaji hueleweka kuwa ameshaacha. Katika swali, "d" ya mwisho huondoka: "Did you use to sell maandazi?"

Kazi ya pili ni kueleza mazoea. Hapa hutangulia "am", "is" au "are", na kitenzi kinachofuata huongezwa "-ing": "I am used to selling maandazi", yaani nimezoea kuuza. Nomino nayo yafaa: "I am used to the heat", nimezoea joto. Mazoea yakiwa ndiyo kwanza yanajengeka, hutumika "get". Binti aliyekwenda kusoma Uingereza atasema, "I am getting used to the cold". Baridi bado yamsumbua, ila aanza kuizoea.

Ama ada ya sasa, ile tunayoieleza kwa "hu-", haina haja ya maneno haya. "Huamka mapema" ni "I usually wake up early", wala si "I use to wake up early", kosa linalosikika sana kwetu.

Tofauti hizi si za mtihani peke yake. Mchukue mama mwenye shinikizo la damu, yuko mbele ya daktari asiyejua Kiswahili. Ataka kusema kwamba humeza vidonge vyake kila siku, naye atamka, "I used to take these tablets." Daktari ataelewa kuwa ameviacha, na huenda akapanga matibabu kwa kufuata habari isiyokuwa. Lililo salama ni jepesi: "I take these tablets every day."

Juma hili, mwambieni kila mtoto nyumbani atunge sentensi tatu: ya jambo aliloliacha, ya jambo alilolizoea, na ya jambo analoanza kulizoea. Nanyi wazazi tungeni zenu, kisha msomeane.