Ruzuku za Utafiti: Majibu kwa Wanaosema Haki Inashusha Kiwango

Hapa Jumeirah Village Circle (JVC), Dubai, wapo Waafrika Mashariki wa kila kazi: wauguzi, walimu, walinzi, madalali wa nyumba, wahasibu. Wengine wanasoma uzamili jioni wakitoka kazini, na wengi zaidi wana wadogo zao Nairobi, Dodoma au Kampala wanaotafuta fedha za utafiti. Kila tangazo la ruzuku likipita kwenye kundi la WhatsApp, mabishano hufuata nyuma, na hoja ni zilezile. Nazijibu hapa kwa sababu zimerudiwa mpaka zinachukuliwa kuwa kweli.

"Fedha zifuate sifa. Mengine ni siasa." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na anayeisema mara nyingi ana nia njema. Tatizo ni kwamba inachukulia kuwa sifa zimekwisha kupimwa sawasawa. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa maombi 114 ya ufadhili yaliyopelekwa kwenye Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden. Waombaji walikuwa watafiti vijana waliomaliza uzamivu, na 52 kati yao walikuwa wanawake. Nafasi zilikuwa 20. Wanawake walipata 4. Walipoziweka alama za jopo kando ya machapisho ya kila mwombaji, ilionekana kwamba mwanamke alihitaji kazi yenye uzito wa mara 2.5 ya mwanamume ili aonekane mahiri kama yeye. Na hii ni nchi ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitaja kuwa kinara wa usawa wa jinsia.

Lakini uchambuzi ule ulikuwa na jambo la pili ambalo sisi tungepaswa kulisoma mara mbili. Mwombaji aliyekuwa na uhusiano na mjumbe wa jopo alipanda alama, ingawa mjumbe huyo hakuruhusiwa kumpigia alama. Wenzake walimpandishia. Kwa hiyo kujuana hakuhitaji bahasha wala simu ya usiku. Kunatosha jina la profesa fulani juu ya barua, na watu waungwana kabisa wanaomheshimu. Ukiuondoa mjadala wa usawa mezani, kujuana hakuondoki. Kunabaki pale pale na kuitwa sifa.

Anayedhani hayo ni ya Sweden ya zamani tu, avuke bahari. Mwaka 2011 Donna Ginther na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba watafiti weusi walioomba fedha kwa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliachwa nyuma na weupe kwa pointi 10 za asilimia, hata baada ya elimu, machapisho na tuzo zao za awali kuingizwa kwenye hesabu.

"Basi wafiche majina, yaishe." Kuficha majina kunasaidia. Mwaka 2018 waliogawa muda wa kutumia darubini ya anga ya Hubble walianza kusoma maombi bila kujua ya nani, na kwa mara ya kwanza maombi yaliyoongozwa na wanawake yakafaulu kwa kiwango kilichowazidi wanaume kidogo. Kwetu lingekuwa jambo jema zaidi, maana jina la ukoo peke yake humwambia msomaji mwombaji ametoka mlima gani au ziwa gani. Ila halitoshi. Andiko la mwanafunzi anayetaka kuchunguza wavuvi wa Pate au wafugaji wa Karamoja limeshajitambulisha, na kuficha jina hakumsaidii ambaye hakuomba kabisa.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya tatu: "Tangazo liko wazi kwa wote, asiyeomba ni mvivu." Mlango uko wazi, lakini ukumbi unalipiwa. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hapa Dubai unapita dirham elfu moja, na fedha hiyo hairudi ukishindwa. Kuna vyeti vya kuthibitishwa, kuna barua za walimu wanaojibu baada ya kukumbushwa mara kadhaa, kuna ada ya kibali cha utafiti. Halafu kuna utaratibu wa mwanafunzi kutumia fedha zake kwanza, kisha alete risiti arudishiwe. Mwenye baba mfanyabiashara atasafiri wiki hiyohiyo. Mwenye kumtegemea kaka aliye mlinzi wa jengo huku atasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na msimu wa mvua aliotaka kuupima utakuwa umepita. Atakayesema wote wawili walipewa kiasi kilekile atakuwa amesema kweli isiyosaidia kitu.

"Wanaopewa nafuu ni wa kubebwa tu." Mfano unaotajwa sana ni Makerere, ambako tangu mwaka 1990 wasichana waliongezewa alama 1.5 katika udahili. Ni habari ya kuingia chuoni, si ya ruzuku, lakini funzo ni moja. Idadi ya wanawake ilipanda, na alama hiyo iliwafikisha mlangoni tu. Mitihani ya ndani walikaa sawa na wenzao. Wakosoaji wana haki katika jambo moja: walionufaika zaidi walikuwa mabinti wa shule nzuri, wenye wazazi wenye uwezo. Hiyo ni sababu ya kulenga vizuri zaidi, kwa kuangalia shule aliyotoka na kipato cha nyumbani pamoja na jinsia. Kuifanya sababu ya kufuta kila kitu ni kuwaachia mabinti walewale, na kaka zao, nafasi zote.

"Tuachie kompyuta ipime nani maskini." Kenya ilijaribu. Mwaka 2023 ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, ambapo majibu ya fomu yaliingizwa kwenye kanuni ya hesabu na mwanafunzi akapangwa kundi. Malalamiko yalimiminika kutoka kwa waliowekwa kundi lisilofanana na maisha yao. Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutamka mfumo huo kuwa wa kibaguzi na kinyume cha Katiba. Sina ugomvi na hesabu. Ugomvi wangu ni na uamuzi usioelezeka kwa anayeamuliwa.

"Kupiga kura ya bahati ni kamari." Huku kwetu wazo hili huchekwa. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand limelitumia kwa baadhi ya ruzuku tangu mwaka 2013, na British Academy tangu 2022: jopo linachuja kwanza yasiyofaa, kisha yanayolingana ubora yanachaguliwa kwa kura. Mwenye kuwahi kukaa kwenye jopo anajua kwamba tofauti kati ya andiko la 10 na la 11 mara nyingi ni njaa ya saa saba mchana.

Wennerås na Wold waliupata ukweli wao kwa sababu sheria ya Sweden iliwafungulia mafaili, tena baada ya kwenda mahakamani. Sheria za aina hiyo tunazo: Uganda tangu 2005, Kenya na Tanzania tangu 2016. Zinampa raia haki ya kuomba taarifa, na kuishi JVC hakumvui mtu uraia. Mdogo wako akinyimwa ruzuku inayotoka kwenye fedha za umma, msaidie kuandika barua. Aombe alama alizopewa, vigezo vilivyotumika, na idadi ya waliopata kwa jinsia, chuo na mkoa. Aandike akiwa na utulivu, na aweke nakala.