Alizeti Machoni pa Nyuki

Mtu akilitazama shamba la alizeti wakati wa maua huona manjano tupu, toka ncha ya petali hadi kitako chake. Nyuki arukaye juu ya shamba hilo haoni hivyo. Kwake ncha za petali zina rangi moja na vitako rangi nyingine, hata ua zima likafanana na shabaha wanayoilenga askari katika mazoezi.

Sababu yake ni mionzi ya urujuanimno, ambayo huja pamoja na mwanga wa jua lakini haionwi na jicho la mwanadamu. Sisi huona mawimbi ya nanometa 400 hivi hadi 700. Nyuki huanzia 300 hivi na kukoma karibu na 650, kwa hiyo wekundu kwake ni kama giza. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki hutambua rangi, ingawa wakubwa wa elimu hiyo walimbishia.

Kamera inaweza kutufunulia siri hiyo, ila kwa taabu. Kioo cha lenzi za kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, ndiyo maana mabingwa hutumia lenzi za kwatzi. Kamera za kidijitali zina kichujio ndani kinachoizuia pia, nacho hubidi kiondolewe. Kisha mbele ya lenzi huwekwa kichujio cheusi kinachopitisha urujuanimno peke yake. Picha ikitoka, ncha za petali ni nyeupe na vitako vyeusi ti.

Lakini hiyo bado si alizeti aionayo nyuki. Jicho lake hupokea urujuanimno, buluu na kijani. Basi mpigapicha hupiga picha tatu, moja kwa kila mwanga, akaziunganisha: urujuanimno akaupa rangi ya buluu, buluu akaipa kijani, na kijani akakipa nyekundu. Rangi hizo ni za kukopeshwa. Tena nyuki huona kwa ukungu kuliko sisi. Madoa yaliyo wazi katika picha huyatambua akiwa karibu mno na ua.

Weusi wa vitako hutokana na flavonoli, kemikali zinazofyonza mionzi hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 juu ya alizeti za mwituni za Amerika ya Kaskazini ulionyesha kwamba wadudu hawakuyapendelea maua yenye doa dogo. Tena katika nchi kavu madoa yalikuwa makubwa zaidi, na petali zake zilipoteza maji polepole. Kumbe doa lile si bango la kuwaitia nyuki tu! Mkulima wa nchi yenye mvua haba ana sababu ya kuufuatilia utafiti huo.

Askari polisi wanaokagua noti kwa taa ya urujuanimno wasidhani kuwa ni jambo lile lile. Noti halisi huonyesha alama zinazong'aa kwa mwanga tunaouona. Ua hurudisha mionzi yenyewe, wala macho yetu hayaambulii kitu. Na taa hizo zina madhara. Jua la mchana latosha kwa picha za maua; taa ikitumika, watoto wakae mbali, na mpigaji avae miwani ya kuikinga mionzi hiyo.