Hadithi za kutisha za Oktoba: tuwakataze watoto au tusome nao?



Ndugu wasomaji, kila ikikaribia Oktoba huwa napokea swali lile lile kutoka kwa jamaa zetu waliohamia Marekani. Mwaka jana aliyeuliza ni dada yangu wa tumbo moja. Binti yake mwenye miaka 13 alipewa shuleni hadithi fupi mbili za kutisha azisome na kuziandikia insha kabla ya Halloween. Mtoto analia kwenye simu: "Mjomba, nikisoma nitapata dhambi? Nisiposoma nitapata sifuri." Dada naye alitaka neno moja tu kutoka kwangu, halali au haramu, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa madrasa katika ukoo.

Sikumpa neno hilo. Nilimwambia anitumie hadithi zenyewe. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, huku Bujumbura tumesomeshwa Kifaransa, basi kijana wangu wa chuo akakaa nami jioni mbili tukazisoma.

Tuanze na sherehe. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya Watakatifu Wote. Asili yake inahusishwa na Samhain, sikukuu ya Wakelti wa Ireland ya mwisho wa mavuno, ambapo watu waliamini mizimu inatembea. Wahamiaji wa Ireland na Scotland waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na leo sehemu kubwa ni biashara ya pipi, maboga na mavazi. Hiyo si yetu, sisi tunazo Idi mbili, na hapo sina mjadala na mtu. Lakini hadithi iliyo kwenye karatasi si sherehe. Moja ya zile mbili ni ya Mmarekani Edgar Allan Poe, ilitoka mwaka 1843, na ndani yake hakuna Halloween hata chembe. Ni mazoea tu ya walimu kuisomesha mwezi huo.

Na kwa kweli ndani yake hakuna hata jini. Mtu anamuua mzee kwa kuwa jicho la mzee linamkera, anamficha chini ya mbao za sakafu, askari wanakuja, wanakaa wanazungumza naye vizuri tu. Yeye peke yake anasikia moyo wa marehemu ukidunda chini, unazidi kudunda, mpaka anakiri mwenyewe. Nilimwambia mpwa wangu afungue Surat Yasin aya ya 65, pale midomo inapotiwa muhuri na mikono na miguu ikatoa ushahidi, kisha arudi kwenye hadithi. Hakulia tena.

Ya pili ndiyo iliyonikalisha. Mwandishi ni Mwingereza, W. W. Jacobs, aliitoa mwaka 1902. Familia inapata mkono wa kima uliokaushwa, umetoka India, fakiri kauwekea nguvu ya kutimiza maombi matatu. Baba anaomba pauni 200. Kesho yake anakuja mtu wa kiwandani: kijana wao kanaswa na mashine, kafa, na fidia ni pauni 200. Mama kwa uchungu anamlazimisha baba aombe mwana arudi. Usiku mlango unagongwa. Baba, akijua maiti ile ilikuwa katika hali gani, anatumia ombi la mwisho, na mama akifungua mlango hakuna mtu.

Ndugu zangu, hiyo ni hirizi! Na fakiri yule, kwa mujibu wa hadithi, alitaka kuonyesha kwamba anayeingilia yaliyokadiriwa atajuta. Nimefundisha somo la hirizi miaka mingi na sijapata mfano unaowakaa watoto kichwani kama huu.

Sisemi kila kitu kinafaa. Hadithi ile inachukulia kwamba mkono mkavu una nguvu na kwamba maiti anaweza kuitwa akaja. Mzazi asipokaa karibu, mtoto atayameza hayo. Lazima aambiwe hakuna chenye kudhuru wala kunufaisha ila kwa idhini ya Allah (s.w.), na kwamba waliokufa wako barzakh. Vitabu vya kuwafundisha watoto kuita mapepo, au vya damu na viungo vilivyokatwa, nisingeviruhusu nyumbani kwangu. Wadogo wa chini ya miaka kumi waachwe walale. Hata Wamarekani wenyewe wanalalamika: mkusanyo wa Alvin Schwartz wa mwaka 1981, Scary Stories to Tell in the Dark, uliongoza orodha ya chama chao cha maktaba ya vitabu vilivyopingwa zaidi kati ya 1990 na 1999.

Ila tusijifanye watakatifu. Nani kati yetu hakutishwa na jini la mwembeni ili alale? Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu kijana, niliwaambia wanafunzi watundu kwamba kuna jini nyuma ya choo cha madrasa. Mtoto mmoja alianza kujikojolea darasani, na mama yake alikuja kuniuliza. Kwangu haikuwa hadithi kwenye kitabu, nilisema ni kweli, na nimevaa kanzu. Ilhali Mtume (s.a.w.) alikataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake, hata kwa mzaha.

Tukitaka kisa cha usiku tunacho. Abu Hurayra (r.a.) analinda zaka ya Ramadhani, mwizi anakuja usiku, anamwachia, anarudi, mara ya tatu anamfundisha Ayatul Kursiy ili aachiliwe. Asubuhi anaambiwa aliyekuwa akizungumza naye ni shetani. Kimo katika Bukhari. Watoto husisimka, halafu wanalala wakiisoma aya.

Mpwa wangu aliandika insha yake juu ya mkono wa kima. Wiki ile ile alinipigia, mama yake akiwa pembeni: "Mjomba, na ile hirizi ya ngozi mdogo wangu aliyofungwa kiunoni, nayo si mkono wa kima?"

Nikasikia dada kakaa kimya. Kisha akasema chakula kinaungua, atanipigia.

Wassalaam.